Uhakiki: Je, Mungu "Alistarehe" Siku ya Saba?

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Mwansabombwe, kusini mwa Ziwa Mweru, huja darasani na hesabu yake ya juma. Kwa Kibemba, Jumatatu ni Pali Cimo, yaani siku ya kwanza. Kwetu anaikuta "mosi" katika Jumamosi. Kisha anasoma kitabu cha Mwanzo katika tafsiri ya Muungano (1952), na anaambiwa kuwa Wayahudi huiadhimisha siku ya saba Jumamosi. Ana haki ya kuuliza: mosi imekuwaje saba?

Waswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa. Kiebrania huanza Jumapili. Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya "ya tano", hufuata hesabu hiyo ya Kiebrania. Ndiyo maana tuna "tano" mbili zinazofuatana: Jumatano na Alhamisi. Nao Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hushika Sabato siku ambayo Kiganda huiita Lwamukaaga, ya sita!

Katika masimulizi ya uumbaji, jioni hutajwa kabla ya asubuhi. Kwa sababu hiyo Sabato huingia Ijumaa jua linapotua, na mishumaa huwashwa kabla ya hapo. Mswahili wa jadi haoni ajabu, kwani kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Hapa tafsiri imefaulu.

Haikufaulu katika neno "akastarehe" (Mwanzo 2:2). Kitenzi cha Kiebrania ni shavat, na maana yake ya msingi ni kukoma. Starehe leo huleta picha ya raha na anasa, na darasa hucheka. "Akapumzika" ya Biblia Habari Njema nayo hudokeza uchovu, ilhali Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alisisitiza kuwa Mungu hana mwili, atachokaje?

Ni kweli kwamba Kutoka 31:17 huongeza wazo la kuburudika. Hata hivyo ibada yenyewe imejengwa juu ya kukoma. Mishna huorodhesha aina 39 za kazi zinazoachwa siku ya Sabato, zikiwemo kupanda, kufuma, kuwasha moto na kuuzima. Mtu anaweza kuzifanya baadhi yake bila kutoka jasho. Kinachokatazwa si uchovu bali ni kuunda na kugeuza vitu, na kwa kukoma huko binadamu humwiga Muumba wake.

Tafsiri gani basi ingefaa? "Akaacha kazi" haifai, kwani msomaji atadhani Mungu amejiuzulu. Mimi napendekeza "akaikomesha kazi yake". Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi mstari huu wautafsiri upya, lakini kwanza waelezeni jinsi wenye andiko wanavyoushika. Anayeishia kwenye kamusi atabaki na starehe.