Sarufi Sahihi, Adabu Pungufu: Upungufu wa Vitabu vya Kuwafundishia Wageni

Mgeni afanyaye kazi katika nchi zetu hukosa kwa namna mbili. Akisema "mtu hii", watu hutabasamu na kumsahihisha. Lakini akiingia ofisini na kusema "Lete faili" kabla ya kumjulia hali aliyemo, hapana amsahihishaye, huhukumiwa kimoyomoyo. Mkosa sarufi huitwa mgeni, bali mkosa adabu huitwa mfidhuli, ijapokuwa hakukusudia ufidhuli. Yatupasa basi kuuliza: kosa hilo la pili ni lake, au ni la kitabu alichosomea?

Tutazame kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, cha mwaka 1936. Jina lake refu lawataja wasomaji waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Hao ni watu waliotarajiwa kuagiza, si kuomba. Kitabu hicho hakikukizaa Kisetla, lakini kiliwaelekea watu walewale waliokizoea, na katika Kisetla kitenzi cha amri ndicho kitawalacho. Aliyejifunza hivyo kwa nia njema aliweza kuwatweza watu bila kujua.

Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 ilikuwa hatua kubwa mbele. Hata kiimbo kilitajwa katika jina la kitabu, nayo ni sifa ya haki, kwani kiimbo chaweza kugeuza ombi kuwa karipio. Hata hivyo, sarufi kwa asili yake huyapanga maneno kwa ngeli na nyakati. Haiyapangi kwa umri wa msemaji wala kwa heshima ya msikizaji.

Upungufu huo hauzibwi kwa kuongeza "tafadhali". Mswahili hutanguliza salamu, kisha huomba kwa umbo la kitenzi: "Naomba uniletee." Kadhalika, kuifasiri "shikamoo" kuwa salamu tu ni kumpoteza mgeni. Mtu mzima asiyejua kuitikia "marahaba" huonekana ameikataa heshima aliyopewa. Naye kijana akiamkiwa "shikamoo" na mzee hufadhaika.

Wala kosa hili si la wageni wetu peke yao. Mswahili afanyaye kazi Uingereza, mwenzake akijikwaa, hutaka kumwambia "pole", naye hutumia neno la Kiingereza ambalo pia ni la kuomba radhi. Mwenzake hushangaa na kumjibu kuwa hana kosa. Mmoja ametoa huruma, mwingine amesikia ungamo.

Kwa hiyo yafaa kila somo, tangu la kwanza, lioneshe ni nani asemaye, amwambia nani, na kwa wakati gani. Kitabu kifundishacho neno bila kumwonesha mgeni mtu astahiliye kuambiwa neno hilo hakijatimiza kazi yake, hata sarufi yake ikiwa haina doa.