Milimita Moja ya Timazi

Mpima hodari utamtambua kabla hajaweka jicho kwenye darubini. Mtazame anavyohangaika na miguu ya stendi. Kwenye majabali ya Murangi, kando ya ziwa, kila ncha ataitafutia ufa wa kuishika, maana juu ya jiwe laini chuma huteleza polepole bila mtu kuona. Akishuka kwenye mbuga nyeusi za upande wa Bunda, ataikanyaga miguu hiyo kwa uzito wake wote, asubiri udongo utulie, ndipo aanze kusawazisha kiputo. Msaidizi mgeni hudhani mzee anavuta muda.

Nazungumzia vipimo vya karibu, vya mita 10, 20 au 30: kupanga boliti za msingi wa mashine, kusimamisha nguzo za tangi, kunyoosha reli ya winchi. Pampu kama zile zinazosukuma maji ya ziwa kutoka Mugango kwenda Kiabakari na Butiama hukaa juu ya boliti zilizozikwa kwenye zege. Boliti zikienda kombo milimita chache tu, kitako cha pampu hakiingii, na wa kulaumiwa ni aliyepima.

Wenye fedha hudhani usahihi unauzwa dukani. Huuliza theodolaiti, yaani kifaa hicho cha kupimia pembe, inasoma sekunde ngapi, wakachukua ya sekunde 1. Digrii ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60. Pembe ya sekunde 1 ikienda kilomita nzima hufungua pengo linalokaribia milimita 5; kwa mita 10 pengo hilo ni sehemu ya ishirini ya milimita moja. Ni kifaa cha ajabu, hakuna ubishi. Lakini timazi inayoning'inia chini ya kifaa ikikosa kitovu cha msumari wa ardhini kwa milimita 1 tu, na shabaha iko mita 10, pembe yaweza kuharibika kwa sekunde 20. Shabaha nayo ina yake: msumari wenye unene wa milimita 3, ukilenga ukingo wake badala ya katikati, unakupotezea sekunde 30. Hapo kifaa cha sekunde 1 na cha sekunde 5 hukosea sawasawa, ila kimoja ni ghali.

Tulirithi heshima hii ya sekunde kutoka kwa watu wa masafa marefu. Mwaka 1787 Jesse Ramsden wa London alikamilisha theodolaiti yenye duara la futi 3 na uzito wa kilo 90 hivi, kwa ajili ya kuunganisha vipimo vya Greenwich na Paris. Mswisi Heinrich Wild baadaye aliisoma sekunde hiyohiyo kwenye duara la kioo lisilofika sentimita 10. Wapima wa tao la longitudo ya nyuzi 30, lililopita magharibi mwa Tanganyika na kukamilishwa Sudan mwaka 1954, walilenga vilele vilivyo mbali kwa makumi ya kilomita. Kwao milimita moja ya timazi ilikuwa si kitu. Aliye kwenye uwanja wa pampu hana anasa hiyo.

Ninachokipenda zaidi ni namna mpima huyu anavyopindua darubini. Husoma uso wa kushoto, akaipindua, akasoma uso wa kulia, kisha akachukua wastani; kasoro ya darubini kutokaa mraba na mhimili wake inajifuta yenyewe. Na kwa kuwa lenzi ya ndani husogea ukitoka shabaha ya karibu kwenda ya mbali, fundi mwangalifu huimaliza shabaha moja kwa nyuso zote mbili kabla hajagusa skurubu ya kulenga. Lakini kuna kasoro moja isiyofutwa na kupindua: mhimili wa wima ukiinama. Ukitazama kwa usawa, haina madhara makubwa. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye nguzo yenye urefu kama huo, ukainua jicho hadi nyuzi 45, mwinamo wa sekunde 10 waweza kuingia wote kwenye pembe yako. Ndiyo maana anaurudia ule mchezo wa kiputo, na ndiyo maana anamwita kijana alete mwavuli. Si kwa ajili ya kichwa chake: jua likichoma mguu mmoja wa stendi, kifaa huinama.

Pembe zikishapatikana, hurudi kwenye shabaha ya kwanza aone kama inasoma vilevile. Tofauti ikizidi anachokubali, daftari linapigwa mstari na kazi inaanza upya, hata kama wapiga zege wameshakaa juu ya ndoo zao wakisonya. Kisha hupitisha futi ya chuma kona kwa kona juu ya boliti, akilinganisha vipimo viwili vya mshazari. Vikilingana, zege linamwagwa, naye anarudi kwenye darubini, kwa sababu vibreta vya kushindilia zege husogeza boliti.