Kishikwambi cha Sensa na Andalio la Somo

Sensa ya Agosti 2022 iliwaachia walimu wa Tanzania vifaa ambavyo havikununuliwa kwa ajili yao. Makarani walipomaliza kuhesabu watu, Serikali iliamua vishikwambi vyao, vilivyozidi laki mbili, vihamie shuleni, na ugawaji ukaanza mwishoni mwa mwaka uleule. Waliosifu uamuzi huo walisema teknolojia imeingia darasani. Waliobeza waliuliza kioo cha inchi chache kitawafaa nini watoto sabini waliobanana kwenye madawati. Kambi zote mbili zilichukulia kwamba anayepaswa kukitazama kioo hicho ni mwanafunzi, na hapo ndipo zilipokosea. Katika kata kama Ntalikwa, iliyo ndani ya mipaka ya Manispaa ya Tabora lakini nje ya mji wenyewe, kazi kubwa ya kishikwambi ni ile inayofanyika kabla kengele ya kipindi haijalia.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Kisumu, Kenya. Watafiti wa PRIMR, mradi wa kufundisha kusoma katika madarasa ya mwanzo, walijaribu njia tatu za kutumia vifaa vya kidijitali. Katika kundi moja vishikwambi walipewa washauri wanaozungukia shule, katika la pili walipewa walimu, na katika la tatu wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita wenzao waliokuwa nje ya mradi, lakini hakuna njia iliyoupita kwa tofauti ya maana mradi wenyewe ulipoendeshwa kwa vitabu vya karatasi, miongozo ya walimu na ziara za washauri. Mafanikio yakiwa karibu sawa, kinachobaki kupimwa ni gharama, na kifaa kimoja kwa mshauri wa shule nyingi ni rahisi mno kuliko kifaa kwa kila mtoto. Tusome, mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2015, uliifuata njia hiyo: mshauri aliketi nyuma ya darasa, akajaza alichokiona, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Kwa upande mwingine, Kenya hiyohiyo ilianza mwaka 2016 kusambaza vifaa zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi wa madarasa ya chini. Vingi viliishia kufungiwa kabatini, ama kwa hofu ya wizi, ama kwa sababu mwalimu hakujua aanzie wapi.

Sasa tuitazame kazi ya kuandaa somo ilivyo. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vyake katika Maktaba Mtandao. Mwalimu wa pembezoni akisubiri mtandao umkute darasani, kipindi kitaisha anatazama duara likizunguka kwenye kioo. Biashara ya misafara ya karne ya 19 iliwahi kukabili tatizo la namna hii, na Tabora ndiyo iliyokuwa jibu lake. Mizigo ya Bagamoyo haikupita moja kwa moja hadi Ujiji. Ilitua Unyanyembe, eneo la Tabora, ikahifadhiwa kwenye matembe, ikagawanywa upya, huu uende magharibi Ziwa Tanganyika, ule kaskazini Karagwe na Buganda. Mwalimu naye apakue vitabu na video siku anapofika mjini kwenye mtandao mzuri, avihifadhi kwenye kadi, kisha avichambue nyumbani. Akitazama video ya mzunguko wa damu mara tatu, akaisimamisha pale moyo unapogawanyika vyumba, atauchora ubaoni hatua kwa hatua, na watoto sabini watauona mchoro huo vizuri kuliko kioo kinachopitishwa kutoka dawati hadi dawati. Kisha kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yanawakutanisha walimu shuleni kwao wajadiliane ufundishaji. Hapo kishikwambi kimoja mezani kinawatosha watu sita, na mabishano yao ndiyo faida yenyewe.

Njia hii ya kifaa kimoja na majadiliano ya kikundi si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Redio peke yake isingetosha. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, vikachapishwa vijitabu, na wanavikundi walisikiliza, wakasoma, wakajadili, ndipo wakashika majembe kuchimba vyoo.

Kuna pingamizi la maana kutoka Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170, na kwa miezi 15 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Wengi walipata maendeleo ya kweli, na zawadi kuu ikagawanywa mwaka 2019 kati ya timu za onebillion na Kitkit School. Siyapuuzi matokeo hayo. Ila wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kwenda shule, kila mmoja alikuwa na kifaa chake, vituo vya kuchajia kwa jua vilijengwa kwa ajili yao, na programu zilitungwa kwa kazi hiyo tu. Jaribio lile linatuambia cha kufanya pale mwalimu asipokuwepo. Ntalikwa mwalimu yupo, na kifaa ni kimoja.

Wengine watasema mtoto wa kijijini naye ana haki ya kushika kompyuta. Ni kweli, lakini hilo ni somo linalohitaji chumba, umeme na fundi wake, na halitimizwi kwa kuazima kifaa cha mwalimu dakika arobaini. Kinachonitia shaka zaidi ni bando. Likitoka mfukoni mwa mwalimu, video ndizo zitakazoachwa kwanza, hivyo ni afadhali kituo cha walimu kipakue mara moja na kunakili kwenye kadi za shule zote za kata. Betri za 2022 nazo zinazeeka. Moja ikifa, kadi huchomolewa ikachomekwa kwenye simu ya mwalimu mkuu, na andalio la kesho likaendelea.