Kabla ya Mapokezi, Pita Uani

Nimechoka kusikia gesti ikisifiwa kwa sababu ya runinga. Kila likizo ya Juni inapokaribia, viongozi wa timu za vijana huko mikoani hutumiana picha za vyumba vya Dar es Salaam: kitanda cha sita kwa sita, taulo lililokunjwa kwa umbo la bata, skrini bapa ukutani, marumaru zinazong'aa hadi koridoni. Chini ya picha huja sifa: "Kambi ya kimataifa hii, kocha!" Juzi nimeonyeshwa nyingine ya namna hiyo, iko Buguruni, na nyumba yenyewe naifahamu. Picha zilikuwa nyingi na hakuna hata moja ya uani, kwa sababu uani haupo. Watoto wa miaka 14 wataweka kambi humo, wacheze mechi tatu ndani ya siku nne, na aliyewachagulia atapongezwa.

Kuhusu mahali pa kukaa hakuna mjadala mrefu. Timu inayocheza Karume pale Ilala, JMK Park pale Kidongo Chekundu, au Uhuru na Benjamin Mkapa upande wa Temeke, ikae Buguruni. Sinza ni mbali. Kariakoo ni ghali, na siku ya soko kubwa basi la timu linaweza kukwama Msimbazi mpaka refa apulize filimbi. Wanaokaa Mbezi Luis kwa kuwa ndipo ilipo stendi ya Magufuli hulala karibu na basi la kurudia, wakateseka siku zote za mashindano. Buguruni, Barabara ya Uhuru inakutana na Mandela: ukishika Uhuru unaingia Ilala, ukishika Mandela unapita Tazara kuelekea viwanja vile vya Temeke. Sokoni kuna ndizi na machungwa, na mama lishe unaelewana naye tangu usiku uliotangulia kuhusu chai ya alfajiri.

Ila ingia ndani mitaa miwili au mitatu. Kandokando ya Mandela malori ya bandarini hayalali, na mbele ya baa hakuna mtoto atakayelala. Mabondeni kuelekea Mto Msimbazi usiende kabisa wakati wa masika.

Mengine nayasema harakaharaka kwa kuwa kila kiongozi aliyekomaa anayajua. Geti liwe moja. Ghorofa zisizidi mbili. Shuka ziwe nyeupe. Shuka ya maua inaficha uchafu. Zulia chumbani ni kasoro isiyosameheka. Choo cha kuchuchumaa kinaifaa timu kuliko cha kukaa, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Uliza Luku hununuliwa na nani, na ikiisha saa nane usiku nani anaamshwa. Simtanki la lita 1,000 kwa watoto 20 wanaorudi pamoja saa kumi na mbili jioni ni lita 50 kwa kichwa, kabla hujafua chochote, kwa hiyo yawe mawili. Viongozi walale vyumba vya mwanzo na mwisho wa korido. Timu ya wasichana haisafiri bila matroni, na matroni hapangiwi jengo la pili.

Bei uongee mwenyewe na mwenye nyumba. Tuseme mna wachezaji 20 na viongozi 4, mnalala wawili wawili: vyumba 12, kwa Sh 25,000 ni Sh 300,000 kwa usiku. Dalali akitia cha juu cha Sh 3,000 tu kwa kila chumba, kwa siku nne amebeba Sh 144,000 za wali wa watoto.

Sasa nije kwenye kamba.

Kiongozi mgeni hupokelewa mapokezini, akaonyeshwa chumba namba moja, ambacho siku zote ndicho kizuri, akawasha feni, akafungua bomba, akasaini. Mjuzi huomba kwanza kupita uani, na akifika uani hutazama juu, kwenye kamba ya kuanikia.

Timu nyingi za watoto zina seti moja ya jezi. Mechi ya leo saa kumi jioni, ya kesho saa mbili asubuhi, na katikati kuna usiku mmoja wa Dar es Salaam na unyevu wake wa bahari. Jezi ya poliesta itakauka popote. Soksi nzito haikauki kwenye nondo za dirisha, wala bukta yenye kitambaa cha ndani haikauki juu ya mgongo wa kiti. Mtoto akivaa soksi mbichi ndani ya njumu, kufikia mapumziko ana malengelenge, anaanza kuburura mguu, na kocha anamtoa akisema hana pumzi. Nimeona vipaji vikiandikwa vibaya kwenye daftari la kocha kwa sababu ya soksi.

Hesabu yake ni hii. Jezi 20 kwa nusu mita ni mita 10. Bukta 20 kwa sentimita 40 ni mita 8. Soksi 40, kila moja sentimita 10, ni mita 4. Jumla mita 22 za kamba iliyo wazi, si kamba iliyojaa shuka za nyumba. Ipate upepo, iwe ndani ya ukuta, ifikiwe na taa usiku, na sehemu yake iwe chini ya paa kwa ajili ya mvua. Ikiwa ni waya, uwe umefunikwa plastiki, maana waya wenye kutu huacha mstari wa kahawia kifuani mwa jezi nyeupe ambao hakuna sabuni inayoutoa. Pembeni pawe na karo la kufulia lenye mteremko. Glavu za golikipa na njumu za ngozi zisianikwe juani. Kivuli cha ukuta kinazitosha, njumu ukizijaza magazeti.

Lakini kamba hueleza zaidi ya habari za jezi. Ndiyo daftari la kweli la nyumba, kuliko lile la wageni lililoko mapokezini. Fika mara mbili. Saa nne asubuhi, gesti safi yenye vyumba kumi iwe na shuka za wageni walioondoka, zimefuliwa na zinachuruzika. Usipoziona, jiulize wa leo watalalia nini. Rudi saa kumi jioni. Zile za asubuhi ziwe zimeanuliwa. Ukikuta kundi jingine la shuka mbichi saa hiyo, umeshajua kwamba vyumba vimepangishwa kwa saa mchana kutwa, kwa watu wa kupumzika. Hapo halazwi mtoto, hata runinga iwe na ukubwa gani.

Mwalimu mmoja wa netiboli kutoka Morogoro alikuwa bingwa wa usomaji huu. Alifika Buguruni jioni na wasichana wake wakiwa bado ndani ya basi, akapita moja kwa moja uani, akamkuta mhudumu anakamua.

"Pole na kazi, mwanangu. Shuka hizi za nani?"

"Za wageni wa mchana, mama. Wameshaondoka."

"Haya, ahsante sana."

Akarudi kwenye basi, akamwambia dereva awashe gari. Chumba hakukiona wala hakuuliza bei.

Mwingine alikuwa mzee mtunza vifaa wa timu moja ya Tanga. Yeye alipitisha kidole juu ya kamba. Kamba inayofanya kazi huwa laini na safi. Isiyofanya kazi humwachia mtu vumbi. Alikuwa akionyesha kidole kilichochafuka kwa kocha wake kijana na kusema, "Mwanangu, hapa hawafui," kisha anaokota begi la jezi. Sikumjua mtu mwingine aliyeweza kuikagua nyumba nzima kwa kidole kimoja.

Walaghai nao wakajifunza. Kuna meneja aliyesikia kwamba viongozi siku hizi wanatazama kamba, akaijaza shuka nyeupe asubuhi ya siku tuliyoahidi kufika. Zilipendeza kwa mbali. Ukisogea unaona kila shuka ina mistari iliyonyooka ya kukunjwa. Shuka iliyofuliwa na kukamuliwa hujikunjakunja ovyo. Hizi zilitolewa kabatini, zikanyunyiziwa maji, zikatundikwa. Mwingine, huko Ilala, alikuwa na kamba nzuri kweli, ila ilikuwa nje ya ukuta, kichochoroni, na hakulisema hilo mpaka tulipoamka na kukuta seti nzima imeanuliwa na watu wengine. Watoto walicheza na vizibao vya mazoezi vya kuazima, namba zimebandikwa kwa plasta. Kufikia kipindi cha pili plasta zilikuwa zimebanduka na refa hajui amwandike nani.

Zamani mambo haya hayakuhitaji ujanja. Enzi za mashindano ya vijana ya Copa Coca-Cola na Airtel Rising Stars, timu za mikoani zilipomiminika Karume, gesti nyingi za Ilala, Buguruni na Kariakoo zilikuwa bado nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Mama mwenye nyumba alikaa uani akichambua mchele, akamwona kila anayeingia na anayetoka. Kila mtoto alifua soksi zake karoni, akazianika, akazianua. Hata Yanga waliwahi kuwalaza wachezaji kwenye jengo lao la Jangwani, na hakuna aliyewahurumia. Sasa Kariakoo nyumba zile zimebomolewa, ghorofa zimejaza kiwanja kutoka mpaka hadi mpaka, na nguo huanikwa juu ya paa, mahali ambapo mtoto wa watu hapaswi kupanda peke yake.

Ndiyo maana kiongozi akikosa gesti yenye uani, namwambia aombe shule ya bweni iliyofunga. Wapo wanaoona aibu. Aibu ya nini? Michezo ya shule ya UMISSETA na UMITASHUMTA imewalaza wanafunzi wetu mabwenini na madarasani miaka yote. Gothia Cup ya Gothenburg, Sweden, mashindano ya vijana yaliyoanza 1975, nayo huwalaza maelfu ya watoto kutoka duniani kote kwenye madarasa ya shule. Godoro la sakafuni, bomba la nje, uwanja mpana wa kufungia kamba: hiyo ni kambi bora kuliko kiyoyozi kinachodondosha maji juu ya begi la jezi.

Wenye nyumba wa Buguruni, nanyi nawaomba. Najua mnapandisha ghorofa, na hakuna wa kuwalaumu kwa kutafuta riziki. Mkichora ramani, acheni uani wa mita chache nyuma, jengeni karo, fungeni kamba ndani ya ukuta na muweke taa. Timu za vijana huja kila likizo, hulipa kwa mkupuo vyumba vyote, na zikitendewa vema hurudi mwaka unaofuata na kuleta nyingine.

Nawe kiongozi wa msafara, meneja akikuambia uani umefungwa na mwenye funguo ametoka, usimsubiri. Watoto wasishushe mabegi.