Usiku wa Nani? Kuitazama Paradies: Liebe Ukiwa Kisian

Kuna picha moja ndani ya Paradies: Liebe, filamu ya Mwaustria Ulrich Seidl, ambayo haikutoki kichwani. Upande mmoja, wazungu wamejilaza kwenye vitanda vya ufuoni. Upande wa pili, vijana wetu wamesimama wima, wanangoja. Katikati kuna kamba. Filamu ilipigwa Pwani ya Kenya na ikashindania tuzo kuu kule Cannes mwaka 2012. Kamba ile peke yake inatosha kukueleza inahusu nini.

Teresa, mama wa makamo aliyeigizwa na Margarete Tiesel, amekuja likizo kutafuta mapenzi. Anampata Munga, ambaye mwanzoni haombi hata shilingi. Kisha shida za jamaa zinaanza kuja moja baada ya nyingine, kila moja na bei yake. Seidl hamwonei haya mtalii wake. Anatuonyesha jinsi upweke ukiwa na pesa mfukoni unavyogeuka ubabe, na hapo nampa heko. Wasafiri wengi wakisimulia usiku wa mji wa bichi hukuletea tu muziki, bia baridi na "wenyeji wakarimu".

Lakini kwa karibu filamu nzima, kamera ni ya Teresa. Akiondoka, nasi tunaondoka. Munga akiwa na wenzake, mtalii ameshalala, wanacheka nini? Nani anagawana doo na nani? Seidl ameichora kamba vizuri sana, halafu akabaki upande uleule wenye vitanda.

Nimeitazama nikiwa Kisian, njia panda ya Bondo kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Huku wageni wengi huja kwa kazi, kwa mfano kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, na usiku hauna haja ya kumngoja mtalii ndipo uanze. Ohangla ikipigwa, kuna kitu Waluo wanakiita pakruok. Mtu anausimamisha wimbo, anatoa noti, halafu anajisifu: yeye ni nani, ametoka wapi, anampenda nani, marafiki zake ni akina nani. Ukumbi unamsikiliza, unacheka, unashangilia, kisha ngoma inaendelea.

Linganisha sasa. Kwenye filamu, noti inanunua mwili na ukimya. Kwenye pakruok, noti inanunua nafasi ya kusema. Mgeni akitaka kuingia ndani ya usiku huo, lazima naye ajitaje. Macho peke yake hayatoshi.

Tusijidanganye lakini. Asiye na kitu mfukoni hukaa kimya hata hapa, na dada anayekuletea chupa saa nane usiku hajisifu kwa mtu. Anawaza nauli ya boda ya kurudi nyumbani. Kamba tunazo pia, ila zetu hazionekani kwa haraka.

Ndiyo maana filamu hii inatuhusu sisi wa ziwani. Mei 2022 Kisumu ilipokea kongamano la Africities, wageni wakajaa, na tangu hapo hamu ya kuliuza ziwa kwa watalii haijapoa. Picha zitapigwa, makala zitaandikwa kuhusu samaki wa Dunga na machweo ya jua. Sawa, watu wanahitaji kazi. Ila ukipewa kazi ya kuandika usiku wa Kisumu, usianzie mezani kwa mgeni. Anzia kwa yule dada, umfuate hadi afike kwake, na umwache aseme mwenyewe. Na usimlipishe ndipo asikilizwe.