Kubofya au Kunasana? Tahakiki ya Istilahi za Kemia ya Kijani katika Utengenezaji wa Triazoli

Makala haya yanahakiki istilahi mbili zinazomjia upesi mfasiri anapoeleza kwa Kiswahili njia mpya za kutengeneza triazoli: "kemia ya kubofya" na "kemia ya kijani". Hoja yetu ni kwamba ya kwanza inapotosha picha ya mmenyuko wenyewe, na ya pili inampa mtafiti nafasi ya kujisifu pasipo kupima.

Jina la Kiingereza linalofasiriwa hivyo lilienezwa mwaka 2001 na K. Barry Sharpless pamoja na wenzake Kolb na Finn. Walikusudia vipande viwili vya molekuli vinavyoshikana upesi, kwa uhakika, na kuacha mabaki machache. Mfano mashuhuri ni mmenyuko wa azidi na alkaini, ambao Rolf Huisgen aliuchunguza kwa kina katika miaka ya 1960. Wakati huo ulihitaji joto na kwa kawaida ulitoa mchanganyiko wa triazoli za aina mbili. Mwaka 2002, kundi la Morten Meldal huko Denmark na la Sharpless huko Marekani, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba kichocheo cha shaba huuharakisha mno na kutoa aina moja tu.

Kubofya, hata hivyo, ni tendo la kidole juu ya kitufe. Mtendaji yuko nje ya kitendwa. Sauti iliyokusudiwa ni ile ya bizimu inapofungika. Kiswahili kina kauli ya kutendana, nayo ndiyo inayofaa hapa: "kemia ya kunasana". Huenda ikadaiwa kwamba kunasa kuna harufu ya mtego. Tunajibu kwamba mtego hauachii kirahisi, na pete ya triazoli nayo ni ngumu kuvunjika.

Istilahi ya pili ina athari kubwa zaidi. "Kijani" hutokana na jani, na msomaji hudhani kwamba palipo na mmea pana usalama. Misingi 12 iliyotolewa na Paul Anastas na John Warner mwaka 1998 haianzi na mimea. Inaanza na kuzuia taka. Ni kweli kwamba shaba iliyoshikizwa kwenye selulosi au kitosani, ikitumika ndani ya maji, ni hatua njema: kichocheo huchujwa na kutumika tena. Lakini ni shaba kiasi gani huvujia katika zao? Kichocheo hurudiwa mara ngapi kabla ya kudhoofika? Viyeyushi vya kusafishia zao vimehesabiwa? Roger Sheldon alitupatia tangu mwaka 1992 kipimo chepesi, yaani kilo za taka kwa kila kilo ya zao. Mmenyuko uliofanyika majini, kisha zao lake likasafishwa kwa kiyeyushi kingi chenye sumu, haustahili sifa hiyo. Aidha, azidi ya sodiamu ni sumu kali, na baadhi ya azidi zenye molekuli ndogo hulipuka. Kubadili kichocheo peke yake hakuondoi hatari hiyo.

Mshauri wa sera asiye mkemia hutegemea maneno haya anapopima maombi ya fedha. Akiahidiwa kwamba njia hii itapunguza bei ya flukonazoli, kwa mfano, ajue kwamba pete za dawa hiyo ya fangasi ni za 1,2,4-triazoli, ilhali mmenyuko wa shaba hutoa 1,2,3-triazoli. Neno "triazoli" pekee halitoshi kumwonyesha tofauti hiyo.

Mwaka 2022, Sharpless, Meldal na Carolyn Bertozzi walitunukiwa Nobeli ya kemia. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Lugha iliyopewa kazi haina budi kuifanya kwa usahihi. Tunapendekeza "kunasana" ichukue nafasi ya "kubofya". "Kijani" ibaki, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka, lakini katika waraka wowote wa utafiti isiandikwe bila tarakimu ya taka kando yake.