Fundi wa Bomba la Moshi

Kasansa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Mpimbwe mkoani Katavi, kwenye barabara inayotoka Kibaoni kuelekea Muze. Mpunga ukianza kuvunwa, kazi yote ya bonde huhamia kwenye injini. Mashine za kukoboa hunguruma tangu asubuhi, Fuso hupakia mzigo wa kwenda mjini, bodaboda huleta magunia kutoka mashambani. Msimu huo watu wa kusifiwa hawakosekani: mkulima aliyejaza ghala, mnunuzi aliyelipa taslimu, dereva aliyevuka tope salama. Mimi namsifu fundi anayeziba bomba la moshi linapovuja. Mchango wake haupimwi kwa gunia wala kwa kilo, ndiyo maana hausemwi.

Ukimtazama juujuu utadhani kazi yake ni nyepesi. Bomba limetoboka, mashine ya kuchomelea imewashwa, rodi imepita, ujira umelipwa. Wapo wanaofanya hivyo, na haipiti muda bomba linapasuka palepale au vidole viwili pembeni. Ufundi ninaousifu huanza kabla moto haujawashwa, kwa swali moja: kwa nini limepasuka hapa?

Jibu limo kwenye mwendo wa injini. Nyingi za mashine za vijijini ni za dizeli zenye silinda moja: za Kichina zinazopozwa kwa maji, au za Kihindi zilizoiga Lister ya zamani ya Uingereza. Injini ya mipigo minne hutoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inatema moshi mara 1,000. Ikifanya kazi saa kumi kwa siku, hiyo ni mara 600,000. Kila mtemo ni gesi yenye joto la mamia ya nyuzi, na injini nzima hutikisika juu ya kitako chake. Bomba nalo limefungwa kichwani kwenye injini inayoruka, huku mkia wake umebanwa na ukuta au bati la paa, vitu visivyoruka. Chuma kilichofungwa hivyo lazima kichoke, na hukatika penye udhaifu, mara nyingi ukingoni mwa kiungo kilichochomelewa zamani. Asiyeliona hilo huziba tundu na kuuacha ugomvi ulivyokuwa. Anayeliona hupanua nafasi kwenye bati ili bomba lipite bila kuguswa, huunga kipande cha bomba la kujikunja karibu na injini, na uzito wa sailensa huutafutia mshikilio wake ili usibebwe na shingo ya bomba.

Lakini kwanza ajue moshi unatokea wapi. Njoo umwone asubuhi, injini ingali baridi. Anaomba iwashwe na kuachwa kwenye mwendo mdogo, kisha anainama upande wa kichwa cha silinda na kutega sikio. Gasketi iliyoungua hulia tsi, tsi, tsi, kwa kufuata mapigo ya injini. Chuma kikipata moto na kutanuka, sauti hupungua, pengine hunyamaza kabisa. Fundi aliyeitwa saa sita mchana, mashine imechemka, anaweza kuapa kwamba hakuna tatizo. Mjuzi hutafuta pia masizi, ule mstari mweusi unaochanua nje ya bomba kuanzia kwenye ufa au kwenye kiungo. Pasipoonekana kitu, huziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache, na moshi uliokosa njia hujitangaza wenyewe.

Kisha huja zamu ya nati. Nati ya ekzosi, yaani ya bomba hilo la moshi, imechemka na kupoa mara nyingi mno, kutu imeishikamanisha na stadi yake, ile bolti iliyopandwa kwenye kichwa cha silinda. Kijana mwenye haraka hushika spana ndefu akavuta kwa kishindo. Stadi ikakatikia ndani ya kichwa cha silinda, na kazi ya saa moja ikawa ya kutoboa kwa drili, kukata nyuzi upya na kuagiza kipuri Mpanda mjini. Fundi aliyekomaa husugua kwanza kwa brashi ya waya hadi nyuzi zionekane. Hudondosha mafuta mepesi, akaenda kufanya jambo jingine, akarudi. Huigonga nati kwa nyundo ndogo ili kutu iachie. Huipasha moto nati peke yake, itanuke kuliko stadi, halafu huigeuza robo kufungua, akairudisha kidogo, robo tena, nusu, hadi ikubali. Utazame mkono wake wakati huo. Kifundo kinapokea habari kutoka kwenye chuma, kama kinalegea au kinajisokota kuelekea kukatika, na mkono unasita kabla mwenyewe hajasema neno.

Nati zikishatoka, nyuso mbili zinazokutana kwenye kiungo zinatakiwa ziwe bapa. Huweka rula ya chuma juu ya flanji, akatazama mwanga unaopenya chini yake, na palipoinuka akapapiga tupa. Gasketi iliyokatwa kwenye boksi la kartoni itaungua siku hiyohiyo, kwa hiyo hutafuta karatasi ya kustahimili moto au hukata bati laini. Nati hukazwa kwa zamu, kidogokidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imekwisha kupata moto na kupoa, anarudi kuzikaza tena. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ziara hiyo ya pili haikuwamo kwenye makubaliano, na mwenye mashine hata hajui kwamba inahitajika. Fundi anaijua, na kule kujua kunamleta.

Katika kuchomelea nako kuna mambo yanayotenganisha fundi na mshika rodi. Bomba la maji lililopakwa zinki ndilo linalopatikana kwa urahisi madukani, na wengi huligeuza ekzosi. Likipigwa moto hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hushikwa na homa na baridi usiku, akadhani ni malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi kujikinga hayafiki mapafuni. Mwangalifu huchagua bomba jeusi. Akilikosa, huondoa zinki yote kwa grenda pale patakapopita moto, akafanyia kazi nje, upepo ukimtoka mgongoni. Kwenye gari, huchomoa waya wa betri kwanza asije akaunguza alteneta.

Manifoldi, shina linalopokea moshi kutoka kwenye silinda, ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa ni chuma cha kusubu. Ukikichomelea kikiwa baridi na kukiacha kipoe upesi, kitapasuka upya kando ya kazi yako, wakati mwingine ungali umekishika. Hupashwa moto chote kwa mkaa, huchomelewa vipande vifupivifupi, kisha hupozwa polepole sana. Bonde la mpunga lina zawadi kwa kazi hii, nayo imelundikana nyuma ya kila banda la mashine: pumba. Zikichomwa, majivu yake huzuia joto kutoka kwa namna ya ajabu. Viwanda vya chuma duniani huyamwaga juu ya chuma kilichoyeyuka ili kisipoe. Kipande kilichozikwa kwenye majivu ya pumba jioni hufukuliwa asubuhi kikiwa kizima.

Kwa nini nihangaike hivi na moshi? Kwa sababu ya wanaouvuta. Banda la kukoboa mara nyingi lina kuta tatu, bati la chini na mlango mmoja. Mwendesha mashine hushinda humo. Akina mama husubiri zamu wamekalia magunia, baadhi wana watoto mgongoni. Mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipokuwa mkoa baada ya kumegwa kutoka Rukwa, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Tena imo gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyozishika. Mskoti John Scott Haldane aliivuta mwenyewe kwa vipimo na kuchapisha matokeo mwaka 1895, ili wachimba makaa waelewe kinachowaua chini ya ardhi. Dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko petroli, lakini banda lisilo na hewa huikusanya.

Barabarani hatari hubadilika sura. Lori linalotoka Kasansa kwenda Mpanda hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na anayeijua njia hiyo anawajua mbung'o wake. Vioo hufungwa hata kwenye joto kali. Ekzosi ikivuja chini ya kabini, dereva na utingo wake hujifungia pamoja na sumu, na usingizi unaowajia si wa uchovu peke yake. Uvujaji ukiwa kabla ya tabo, gari pia hukosa nguvu mlimani, hutoa moshi mweusi na kula mafuta.

Kanuni hii ya kutafuta chanzo kabla ya kuziba inashika kila palipo na injini. Huko Marekani, wasafisha mazulia hufunga mtambo ndani ya gari dogo la mizigo: injini inaendesha pampu ya maji na mashine ya kuvuta uchafu, na mara nyingi joto la ekzosi ndilo linalochemsha maji ya kusafishia. Ekzosi ikivuja, maji hupoteza moto na gari hujaa gesi. Fundi wa huko hulazimika kusikiliza injini ingali baridi, kubembeleza nati iliyoshikana, kunyoosha flanji na kukaza mara ya pili. Wa Kasansa hana duka la vipuri jirani, na bado anafikia ubora huohuo kwa tupa, subira na majivu ya pumba.

Basi wenye mashine na magari wafanye yanayowapasa. Fundi aitwe asubuhi, injini ikiwa baridi, hata msimu ukiwa umepamba moto. Alipwe ziara ya pili. Bomba lipandishwe juu ya paa, lisiishie dirishani. Na vyuo vya ufundi, VETA ikiwa mbele, vimpime kijana kwa swali la chanzo cha ufa kabla ya kumpima kwa uzuri wa kuchomelea kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ufa wa ekzosi ukiachwa hudai kifua cha mtu, na hicho hakijengwi upya. Tunapowahesabu waliolisha nchi kwa mchele wa bonde hili, fundi aliyemwezesha mwendesha mashine kurudi nyumbani na mapafu mazima ana haki ya kuhesabiwa sambamba na waliolima.